Habu za Alhamisi

Kila Alhamisi, mzigo mpya ulipofunguliwa dukani kwa Jumla, muuza vipuri vya baiskeli, watu walikuwa wakisimama kumwangalia Vidole akichagua habu. Usicheke. Wapo wanaosimama nusu siku kuangalia wenzao wakicheza karata, na hakuna anayewauliza. Habu ni kile kitovu cha gurudumu la baiskeli, chuma cha kujaa kiganjani, ambamo spoki zote zinaanzia kwenda kuishika rimu. Katikati inapita ekseli, na habu inaizunguka ekseli hiyo juu ya gololi ndogo ndogo. Ukikosea spoki utabadilisha spoki, mambo yakaisha. Ukikosea habu, gurudumu zima umelisuka bure, na litakuangusha siku ambayo hukuipanga.

Wanunuzi wengine huchagua kwa macho. Hutazama inayong'aa, huhesabu matundu, huuliza imetoka nchi gani, kana kwamba nchi ndiyo itakayowabeba. Vidole alikuwa hatazami. Aliikamata ncha ya ekseli kwa kidole gumba na vidole viwili, akafumba macho, akazungusha taratibu mzunguko mmoja mzima, kisha akarudi nusu. Kama njia ya gololi ilikuwa na kovu, hata lile dogo la kukwaruzwa na sindano, alilijua. Nzuri aliiweka upande. Mbaya aliifunga uzi mwekundu, na Jumla aliirudisha ilikotoka bila kubishana. Ndiyo maana akaitwa Vidole, na jina lake la kwanza likabaki kwenye vyeti tu.

Sasa tuambiane ukweli. Hivyo vidole vilikuwa vimekufa ganzi miezi minane iliyopita.

Ilikuwa sukari. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo ukikaa mwilini unakula mishipa ya fahamu, unaanza na ncha za vidole, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Vidole alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Aliitikia, akachukua dawa, akatoka, akavuka barabara. Alingoja ashtuke, hakushtuka. Tangu siku hiyo kila kitu kilimfikia kikiwa kimepungua, chakula, salamu, hata habari za misiba. Watu walidhani ni utu uzima. Vidole alimwambia mkewe kuhusu sukari, maana mkewe ndiye mpishi na ingebidi ajue, lakini habari ya vidole aliimeza. Mtu anayeitwa Vidole atasema nini?

Basi akaendelea. Kila Alhamisi alifumba macho, akazungusha, akangoja kwa muda uleule aliozoea kungoja, kisha akasema hii, au hii hapana. Alikuwa hahisi chochote. Ni kama kushika ndoo kwa mkono wa mtu mwingine. Kwa kweli alikuwa anabahatisha, na wiki za mwanzo alijua kwamba anabahatisha. Lakini wiki zikapita, miezi ikapita, na hakuna gurudumu hata moja lililorudi kwa ubovu. Hata moja! Taratibu akajiaminisha kwamba mkono una kumbukumbu zake, kwamba unachagua wenyewe bila kumpa taarifa. Binadamu akitaka kujidanganya hahitaji msaada.

Gurudumu walilisuka wawili, yeye na mkewe, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini na sita. Kazi zilikuwa zimegawanywa na hakuna aliyeingilia ya mwenzake. Yeye huchagua habu Alhamisi. Ijumaa asubuhi mkewe huzifungua, hufuta grisi ya kiwandani, huweka grisi mpya na kupanga gololi moja moja, kisha huenda sokoni mara moja na kurudi. Mchana wanasuka spoki pamoja. Jioni Vidole hunyoosha rimu kwa jicho hadi izunguke bila kuyumba. Jicho lilikuwa bado zima.

Mwezi ule mkewe aliitwa kwa dada yake, aliyekuwa anafanyiwa upasuaji, na angekaa siku tano. Alipakia begi Jumatano. Pale mlangoni akageuka, akamwambia asisuke gurudumu lolote mpaka arudi. Vidole aliona ni maneno ya kumbeza. Tayari alikuwa na kinyongo naye, kwa sababu tangu mwaka jana alikuwa anamletea chai ya uvuguvugu, kwenye kikombe kizito chenye mkono, kama anayemhudumia mgonjwa. Alikuwa amelalamika mara mbili, na mara zote mbili mkewe alisema chai ya moto sana inaharibu tumbo. Akaona mama mtu mzima ameanza uvivu.

Alhamisi asubuhi akaja binti yao, kitinda mimba, anapiga mluzi tangu njiani. Amepata kazi ya kusoma mita za maji, anaanza Jumatatu, na eneo alilopewa ni bondeni, ng'ambo ya machimbo ya mawe. Unaujua mteremko wa machimbo? Hata kama huujui, kila mji una wake: mrefu, kona moja mbaya katikati, na upande wa kushoto hakuna ukingo. Miaka ya nyuma muuza mikate alivunjikiwa na habu ya nyuma kwenye kona ile. Gurudumu lilifunga ghafla, yeye akaendelea. Aliishi, lakini bega halikurudi mahali pake, na mkate hakuuza tena. Habu yake haikuwa ya Vidole, na kwa miaka mingi Vidole aliitaja habari hiyo kwa sauti ya mtu asiyehusika.

Binti alitaka magurudumu mapya mawili, la mbele na la nyuma, kabla ya Jumapili. Baba akamwambia mama yake amekataza. Binti akacheka, akasema mama hukataza hata mvua. Kisha akasema jambo ambalo lilimaliza mjadala.

"Nataka uliyoyachagua wewe, Baba. Mteremko ule siuendi na ya mtu mwingine."

Hapo angeweza kusema. Nafasi ilikaa mbele yake kabisa, imemkunjia miguu. Akachukua kofia yake, akaenda kwa Jumla.

Jumla alikuwa na mizigo ya aina mbili wiki hiyo, habu za chuma na za aluminiamu, zote za matundu thelathini na sita. Za aluminiamu zilikuwa nyepesi, na binti angepanda nazo mlima jioni bila kulaani waliomzaa. Jumla akapanga jozi sita mezani juu ya gazeti. Wanaume wanne wakasogea, mmoja kinyozi mwenye taulo bado begani. Vidole akashika ekseli ya kwanza, akafumba macho. Akangoja. Alifikiri kwamba labda, kwa kuwa hii ni ya mwanawe, kitu kitakuja, hata kidogo. Nje mtu alikuwa anapiga honi. Ndani ya vidole vyake hapakuwa na habari yoyote. Aliweka chini, akachukua ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akaona amekaa muda wa kutosha.

"Hii," akasema. Na kwa ya nyuma akasema, "Na hii."

Kinyozi akatikisa kichwa kwa heshima. Jumla akafunga mzigo, akasema amwambie mama kwamba kesho atafungua mapema. Vidole akajibu mama amesafiri. Jumla akasema aa, basi mpaka akirudi. Vidole hakuuliza mpaka akirudi kuna nini, akaichukua kuwa ni salamu.

Ijumaa alifanya kazi zote peke yake, za mkewe na zake. Gololi zilimtoka vidoleni zikakimbilia chini ya kabati, akazifuata kwa magoti na tochi, akizikamata kwa kibanio cha nyusi cha mkewe. Kazi ya saa moja ilimla asubuhi nzima. Hakuudhika. Alisuka spoki, akanyoosha rimu, na magurudumu yalipozunguka yalizunguka safi, hayapepesuki hata unene wa karatasi. Ukitazama ungesema ni kazi bora ya maisha yake. Jumamosi binti akaja kuyachukua, akayafunga kwenye baiskeli yake palepale, akamkumbatia baba yake na kumwacha na alama ya grisi shatini. Vidole akasimama mlangoni akimwangalia anavyoishia kwenye kona. Alijua kwamba baba mwingine angefurahi. Akaingia ndani akala wali wa jana.

Jumatatu grisi ilikuwa imekwisha. Saa tatu na nusu hivi akaenda kwa Jumla kununua kopo.

Jumla alimtolea kopo, kisha kabla hajalikabidhi akauliza leo hamna ya kurudisha. Vidole akauliza kurudisha nini. Jumla akacheka, akifikiri ni mzaha, akainama chini ya meza na kutoa boksi la viatu. Ndani kulikuwa na habu, saba au nane, kila moja na uzi mwekundu. Hizi, akasema, ni zile mama alizozileta kabla ya kusafiri, msambazaji hajapita kuzichukua. Kila Ijumaa analeta mbili, tatu, Ijumaa moja alileta tano kwa mpigo, anasema mzee amebadili mawazo usiku, na yeye humpa nyingine azichukue. Mbaya zote kweli, akaongeza Jumla, huko zinakorudi wamezipasua wakakuta makovu. Akamsifu Vidole kwamba mwaka huu amekuwa mkali kuliko miaka yote.

Vidole alichukua moja akatazama fundo la uzi. Fundo lake yeye lilikuwa la mara moja, la haraka. Hili lilikuwa la kuzungushwa mara mbili na kupitishwa chini, fundo ambalo mkewe alifungia magunia, mifuko ya chumvi, hata nepi za watoto enzi zile. Akatazama la pili. Akatazama yote. Miezi minane ya mkono wenye kumbukumbu ilikuwa imelala mle ndani ya boksi la viatu.

Jambo la kwanza lililomjia halikuwa aibu. Lilikuwa hesabu fupi: Ijumaa hii mama hakuwepo.

Akatoa simu. Vidole visivyohisi havijui kama vimebonyeza au bado, akakosea namba mara mbili, mara ya tatu akamsukumia Jumla simu amtafutie jina. Dukani kulikuwa na wateja wawili na yule kinyozi, ambaye sijui huwanyoa watu saa ngapi. Simu ikaita sana. Kisha binti akaitika, anahema, upepo unavuma kwenye simu.

"Uko wapi?" Vidole akauliza.

"Juu ya machimbo, Baba. Nakunywa maji kisha nateremka. Msimamizi ananingoja chini, nimeshachelewa."

"Usiteremke. Shuka kwenye baiskeli."

Binti akauliza kuna nini. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa: kuna spoki moja sikuikaza. Lakini alimjua mwanawe. Siku ya kwanza ya kazi, msimamizi anangoja, angesema ataenda polepole, kisha angeteremka. Kulikuwa na neno moja tu la kumshusha, na watu wanne walikuwa wanasikiliza.

"Habu hizo sikuzihisi," akasema. "Vidole vyangu vimekufa, mwanangu. Tangu mwaka jana. Nilifumba macho tu nikasema hii."

Upepo ukavuma. Dukani Jumla alikuwa ameshika kopo la grisi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Kinyozi aliteremsha taulo begani akaanza kulikunja.

"Natembea," binti akasema, akakata.

Alifika nyumbani karibu saa saba, anakokota baiskeli, viatu vimejaa vumbi jekundu. Msimamizi alikuwa amemwambia arudi kesho na asichelewe tena, basi kazi ilikuwa bado ipo, ingawa imechunika kidogo. Hakumsalimia baba yake. Alifungua magurudumu yote mawili mwenyewe, akayaegemeza ukutani, akakaa kwenye kigoda akiyatazama. Baadaye, alipokwisha kuelezwa habari ya grisi na boksi la viatu, akauliza kama baba yake angempigia simu endapo grisi isingekwisha. Vidole alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, na jibu lilikuwa hapana. Akamwambia hivyo. Binti akaenda uani kunawa miguu, akakaa huko muda mrefu kuliko miguu miwili inavyohitaji.

Mkewe aliingia saa tisa, begi mkononi, na habari njema za dada yake zikafia mlangoni alipoona rimu mbili tupu ukutani. Aliweka begi chini, akavua viatu, akakaa mezani. Vidole alikuwa ameshakata spoki zote. Habu mbili zilikuwa mbele yake kwenye gazeti.

Akamwuliza tangu lini. Mkewe akasema tangu siku ya sufuria. Vidole hakuikumbuka siku yenyewe. Mkewe akamweleza kwamba yeye Vidole alikuwa ameegemeza mkono kwenye sufuria la maji ya moto, anapiga soga kabisa, na harufu ya nyama kuungua ilimfikia mkewe kabla mwenye mkono hajajua. Mkewe alimpaka mafuta kidole kilichoungua usiku, Vidole amelala. Kesho yake akanunua vikombe vyenye mkono.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwa umeniambia," mkewe akasema. "Nilingoja uniambie wewe. Kila Ijumaa nikitoka na habu zile, nilisema leo ataniuliza ninakwenda wapi. Umelala nami miezi minane, baba watoto, unanificha mkono."

Sauti yake haikupanda. Alikuwa na hasira, na alisema kwamba ana hasira, na kwamba atakuwa nayo siku kadhaa, wamzoee. Vidole akasema amezoea. Hilo halikuwa jibu zuri, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu asubuhi. Yeye mkewe anazijuaje mbaya? Vidole vyake vya kusukia spoki vilikuwa magome ya mti miaka mingi, hata uzi kwenye sindano humwomba binti amtungie. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mkewe alionekana kuona haya. Akaenda kuufunga mlango wa barabarani. Akarudi, akachukua habu ya mbele, akaing'ata ncha ya ekseli kwa meno ya mbele, akaizungusha habu kwa mkono, taratibu, macho yakitazama dari. Akaitoa. Nzima, akasema. Akaifuta, akachukua ya nyuma, akaing'ata vilevile. Haikumaliza mzunguko. Aliitoa mdomoni, akachomoa uzi mwekundu kwenye kopo la nyuzi, akafunga fundo lake la magunia. Aliiweka habu hiyo katikati ya gazeti, mbali na wote, kama kitu kinachoweza kuuma.

Ndivyo alivyofanya tangu walipooana. Alikuwa akizihakiki zote kimyakimya, hata enzi vidole vya mumewe vikiwa na uhai wake, kwa sababu ya kutaka kujua tu anachohisi mumewe ni nini. Enzi hizo hakuwahi kukuta mbaya hata moja. Hakumwambia mtu kwa sababu alionekana kama mbwa na mfupa wake, na mwanamke mzima hataki kuonekana hivyo.

Vidole akanyoosha mkono. Mkewe akafungua fundo, akamwekea ekseli katikati ya meno kama anayemlisha, akazungusha habu. Mwanzo hapakuwa na kitu, na Vidole akahisi ule utulivu wake wa kila siku unarudi kukaa kitini. Mkewe akamwambia ang'ate vizuri, haitamuuma. Akang'ata, ikaja: mkwaruzo mdogo, krr, ukapanda kwenye taya, ukapita nyuma ya sikio. Tena palepale kwenye mzunguko uliofuata. Krr. Kovu lilikuwa refu kama punje ya mchele, na angeweza kulichora.

Akamwashiria mkewe azungushe tena. Na tena. Ilikuwa habu mbovu iliyokuwa ikimsubiri mwanawe kwenye kona ya machimbo, na alijua kwamba anapaswa kuogopa, na safari hii hofu ilikuja kweli, imechelewa lakini imekuja. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, miguu inachuruzika maji, anamwangalia baba yake mwenye chuma mdomoni na machozi yanayoingia kwenye ndevu. Hakucheka. Alikuja akakaa nao.

Alhamisi iliyofuata walikwenda kwa Jumla wawili, mume na mke. Habari ilikuwa imetangulia, kinyozi hakukosa wateja wa kuisimulia, na wanaume waliokuwepo walipata ghafla vitu vingi vya kutazama kwenye rafu. Jumla akapanga jozi sita juu ya gazeti. Vidole akachukua habu ya kwanza, akaipima uzito kiganjani kwa mazoea, kisha akampa mkewe mbele ya watu wote.

"Chagua wewe," akamwambia. "Ndiwe uliyekuwa unachagua."

Mkewe akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, kama anayewauliza nani ana maoni. Akafuta ncha ya ekseli kwa upindo wa kitenge, akaing'ata. Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha. Habu ikazunguka mzunguko mzima na nusu ya kurudi. Mkewe akaitoa mdomoni, akasema ni nzuri, na akampa Vidole ahakikishe.

Vidole akaitia katikati ya meno yake. Njia ya gololi ilikuwa laini, haina neno. Ekseli ilikuwa bado na joto la mdomo wa mkewe, na hilo alilihisi.